Kipindi cha Fizikia Kutoka Kasulu

Mimi sina subira. Nalisema mapema ili mtu asije kunishangaa mbele ya safari. Nikibandika maji jikoni nafunua sufuria kila mara kutazama kama yamechemka, na mama mkwe wangu huniambia ni huko kufunuafunua kunakoyachelewesha. Sasa fikiria mwanamke wa namna hiyo anakabidhiwa modemu.

Tuliifunga kwenye ncha ya ufito wa mwanzi, tukautoa nje kupitia dirisha la maabara, waya wake mrefu ukiingia ndani hadi kwenye kompyuta. Shule yetu ya kata iko bondeni, njia ya kutoka Kibondo kwenda Mabamba, na mtandao huku hupita juu ya vichwa vyetu bila kutusalimia. Kazi yangu ilikuwa kusimama pale nje ya dirisha na kuugeuza ule ufito. Ukiuelekeza kwenye mlima wa mashariki, unapata mnara wa kwetu. Ukiuachia kidogo tu ukalala upande wa mpakani, modemu inakamata mtandao wa Burundi na kifurushi chote kinaliwa ugenini, nawe hujavuka hata uwanja wa shule. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia. Sikusomea ufundi wa minara.

Lakini mwaka ule wa 2014 hatukuwa na mwalimu wa fizikia. Wa mwisho alikwenda likizo ya Krismasi akasahau kurudi. Watoto wa kidato cha tatu walikuwa wakikaa kipindi kizima wananakili kitabu kilichochanika, hakuna wa kuwaeleza hata neno moja. Ndipo likaja shirika fulani na jaribio lake: kompyuta mpakato, projekta, sola na hiyo modemu, ili mwalimu hodari aliyeko Kasulu mjini awafundishe watoto wa Kibondo kwa Skype. Wakaulizia mwalimu hodari wa fizikia Kasulu nzima, wakaelekezwa kwa Tharsisi. Tharsisi ni mume wangu.

Hapa lazima nieleze vizuri, maana ndipo penye kidonda. Tulioana tukiwa tumepangiwa wilaya mbili, yeye huko, mimi huku, na barabara katikati yetu kiangazi ni vumbi, masika ni tope la kukwamisha basi siku nzima. Mama yake yuko hapa Kibondo, macho yamefifia, miguu imegoma, wala hataki kusikia habari ya kuhamia mji wa watu. Mimi ndiye ninayemwogesha. Binti yetu Esteri, mdogo vile alivyo, ndiye anayemshika mkono kumtoa nje aote jua. Kwa hiyo wa kuhama alikuwa Tharsisi, na maombi yake ya uhamisho yalikwisha kuzunguka ofisi zote, yakabaki yakingoja neno la afisa elimu wa wilaya yetu tu. Sababu tuliyoitoa ilikuwa nzito na ya kweli: shule ya Kibondo haina mwalimu wa fizikia. Afisa mwenyewe alishanitamkia kwa mdomo wake kwamba sababu hiyo inatosha.

Na mimi, kwa akili zangu hizi, shirika lilipokuja nikafurahi. Nikajiambia kwamba hata kabla hajahamia nitakuwa namwona uso kila juma. Mchimba kisima huingia mwenyewe, jamani.

Siku ya kwanza mtandao ulikubali, Tharsisi akatokea ukutani, mkubwa, amevaa lile shati la bluu nililomchagulia mimi, na nyuma yake ubao wa Kasulu. Watoto wakasimama wote, kama ilivyo desturi mwalimu anapoingia, wakamwimbia salamu yao ya Kiingereza. Wachache waliolelewa vizuri wakaongeza yale makofi ya taratibu tunayowapigia wakubwa tunapowaamkia kwa Kiha. Yeye hakusikia kitu. Sauti ya upande wetu ilikuwa haimfikii, na hakuna aliyejua. Akaanza kufundisha moja kwa moja. Na kwa kuwa hakusema kaeni, hawakukaa.

Mimi nilikuwa nje napigana na ufito wangu. Nikichungulia dirishani naona wamesimama, nikadhani wanataka kuona vizuri. Kumbe wanangoja ruhusa ya mtu aliyeko Kasulu. Walisimama kipindi kizima, wakiandika daftari likiwa limeegemezwa tumboni, na yeye kwenye kioo chake akiona vifua tu vya mashati meupe, hata baadaye akaniuliza kwa simu kama shule yetu haina viti. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu kilikuwa cha mwisho kwa muda mrefu.

Sauti ya upande wetu haikupona kamwe. Fundi wa shirika aliahidi kuja, na ahadi za mafundi mnazijua. Kwa hiyo Tharsisi akaweka utaratibu: yeye atasema, sisi tutaandika. Swali lolote lichapwe kwenye kisanduku cha ujumbe, yeye atalisoma huko, na sisi tutaliona ukutani kwa maandishi makubwa. Mchapaji akawa Firdausi, binti wa Nurudini mwenye duka la vifaa vya shule mjini Kibondo. Msichana yule alikuwa amejifunza kuchapa dukani kwa baba yake, vidole vinakimbia, na mdomo nao haukuwa nyuma. Tharsisi akawaambia neno lingine siku hiyo, akalirudia kila kipindi. Aliwaambia kwamba yeye ni mtu, na mtu hukosea, basi wakiona amekosea wasimnyamazie. Waandike.

Mtu wa kwetu ataelewa uzito wa neno hilo. Huku mtoto hamwambii mkubwa kwamba amekosea. Mwalimu akisema Kigoma iko Mwanza, darasa zima litaitikia ndiyo mwalimu na kunakili, kisha watacheka njiani. Nimefundisha miaka mingi, sijawahi kuona mkono ukinyooshwa kunisahihisha, na Mungu anajua nimekosea mara ngapi. Kwa mdomo asingethubutu hata mmoja. Lakini vidole, nikaja kugundua, havina haya. Watoto waliokuwa wakinitazama viatu nikiwauliza jambo walianza kusukumana kwenye kompyuta, huyu anamnong'oneza Firdausi swali, yule anamvuta mkono. Kisanduku kikajaa. Mimi kazi yangu ya ziada ikawa kuyapiga picha mazoezi yao kwa simu, kupanda nayo mlimani jioni penye mtandao wa uhakika, na kumtumia Tharsisi kwa WhatsApp ili ayasahihishe.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Watoto walielewa. Mtihani wa nusu muhula ulipotoka, mkuu wa shule wetu, Mwalimu Reverien, mtu ambaye hacheki hata kwenye harusi, alizunguka ofisini akiwa ameyashika matokeo, anayasoma kwa sauti kwa kila aliyepita. Tharsisi naye alinawiri. Ukutani alikuwa mtu mwingine kabisa: anacheka, anatania, anarusha chaki na kuidaka. Nikawa namtazama kutoka dirishani, ufito mkononi, na roho yangu haitulii. Mume wangu alikuwa mbele ya macho yangu na sikuweza kumwambia hata kwamba paa linavuja juu ya kitanda cha mama yake. Angeniita Madam, ningemwita Mwalimu, watoto wangetazama.

Kisha akaacha kuja. Zamani kila mwisho wa mwezi alikuwa anashuka kwenye basi la Kasulu, vumbi hadi kwenye kope, na mfuko wa samaki wa migebuka begani. Sasa akawa na maandalio. Jumamosi ana maandalio, Jumapili baada ya misa ana maandalio. Nilipomlalamikia kwenye simu alinijibu kwa upole kabisa kwamba si namwona kila juma? Ebo! Nilinyamaza kwa sababu jibu lililonijia lilikuwa la kuvunja nyumba.

Mama mkwe hakunyamaza. Siku niliyompeleka shuleni makusudi amwone mwanawe, alikaa kwenye kiti cha mbele, akausogeza uso mpaka karibu na ukuta, akausikiliza mwangwi wa sauti ile ikieleza mambo ya sumaku. Tuliporudi nyumbani akaniuliza kama yule aliyeko ukutani anaweza kupanda juu ya paa. Nikamwambia hawezi. Akasema, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, mwanangu." Halafu akaomba maji ya kunywa.

Neno lile likanikaa. Nikaanza kuhesabu mambo ambayo mke hapaswi kuyahesabu: simu zilizokatika mapema, mashati mapya ukutani, jinsi alivyonenepa. Wanaume wangapi wa huku wamekwenda kufanya kazi Kasulu wakapata nyumba ya pili? Sikuwa na ushahidi wowote. Nilikuwa na wasiwasi tu, na wasiwasi hauhitaji ushahidi.

Ndipo Mwalimu Reverien akaniita ofisini, uso unang'aa. Afisa elimu anakuja na watu wa shirika kulitazama jaribio letu. Likiwapendeza, utakuwa ndio utaratibu wa kudumu, na Tharsisi ataongezewa shule nyingine, hata za huko kijijini Titye. "Yaani Madam," akaniambia, "hatutakuwa na shida ya mwalimu wa fizikia tena. Umshukuru Mungu." Alinipa mkono. Nikaushika mkono wake, na papo hapo nikaiona sababu yetu ya uhamisho, ile nzito na ya kweli, inafutika mbele yangu. Sikuwa nimefikiri. Kila kipindi nilisimama pale na ufito, nikishikilia kwa mikono yangu miwili kitu kinachomzuia mume wangu asije nyumbani.

Siku zilizofuata sikukalika. Niliunguza maharage. Niligombana na mwuza mkaa kwa jambo ambalo hata sasa silikumbuki. Darasani nilimkaripia mtoto aliyepiga chafya. Esteri akaniuliza kama naumwa, nikamkaripia na yeye, kisha nikamkumbatia, akanitoka mbio kwa woga. Mwisho nikapanda mlimani mchana kweupe, nikampigia baba yake.

Sikuzunguka. Nilimwambia kwamba afisa anayekuja ndiye yule yule mwenye neno la mwisho juu ya maombi yetu. Jaribio likifaulu, maombi yanakufa. Nilimwomba afundishe vibaya siku hiyo moja. Ajikwae, achanganye mambo, kipindi kiharibike kidogo tu, afisa aone kwamba mwalimu wa ukutani si mwalimu kamili na darasa linahitaji mtu wa kusimama ndani yake.

Akasema, "Watoto hawa hawana kosa, Mama Esteri. Siwezi kuwafundisha uongo."

Na mimi nikafunguka. Nilimwuliza mamaye ana kosa gani. Nilimwuliza Esteri ana kosa gani. Nilimwuliza ni nani huyo aliyeko Kasulu anayemnyoosha mashati. Hilo la mwisho lilinitoka, na likishatoka halirudi. Nikakata simu, nikashuka mlima naongea peke yangu, mpaka akina mama waliokuwa wakipalilia muhogo wakainua vichwa kunitazama.

Mtu ataniuliza kwa nini sikuugeuza ufito siku ile ya wageni. Nililifikiria, tena sana. Kuuegemeza kidogo tu upande wa Burundi, picha ingekwama, kifurushi kingekwisha, na nani angenilaumu? Huku kila mtu huulaumu mtandao. Lakini nina kiburi mimi. Nilijiambia kwamba kama mwanaume hataki kuja nyumbani, simwiti kwa hila ya ufito. Kama anataka kubaki Kasulu, basi abaki kwa mapenzi yake mwenyewe, mimi nikiwa nimemshikia mnara.

Siku ikafika. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na hewa ilikuwa safi. Afisa elimu, mtu mpole, mnene kidogo, akakaa nyuma ya darasa pamoja na wageni wa shirika na Mwalimu Reverien aliyekuwa amefunga tai. Mimi nikasimama dirishani kwangu. Niliuelekeza ufito mashariki, nikaubana kwa mikono yote miwili. Tharsisi akatokea ukutani, safi, hakukwama hata unywele. Watoto wakasimama, akawaambia wakae. Hakunitazama, wala nami sikumtazama.

Somo lilikuwa la umeme, marudio ya juma lililopita. Lilihusu vizuizi viwili vya umeme vikifungwa sambamba, kila kimoja kwenye njia yake. Sasa hili somo nalijua. Mimi nisiyejua fizikia nalijua hili moja, kwa sababu Tharsisi alinifundisha tukiwa bado wachumba, tumekwama kwenye mlango wa gulio Kasulu, watu wamebanana. Aliniambia ukifungua mlango wa pili pembeni, msongamano unapungua hata kama mlango huo ni mwembamba, na umeme nao ni vivyo hivyo: njia zikiwa mbili, kizuizi kinakuwa kidogo. Nilimcheka kwa kunichumbia kwa fizikia. Kwake yeye hilo lilikuwa jambo la kwanza kabisa, la kumwamsha usingizini akalisema.

Akachukua chaki. Akachora njia mbili. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba njia zikiwa mbili, vizuizi vinajumlishwa, na umeme unapita kwa shida zaidi. Akaandika hivyo, akapigia mstari.

Nilimtazama. Alikuwa ameipa kamera mgongo, na mabega yake yamepanda juu, kama afanyavyo anapobeba kitu kizito. Tharsisi hakosei pale. Nikaelewa. Alikuwa anakosea kwa ajili yangu. Alikuwa anajiaibisha mbele ya wakubwa wake, kwenye jambo la kwanza kabisa analolijua, ili aje kupanda juu ya paa la mama yake. Nilitaka kulia na nilitaka kumpiga, vyote kwa pamoja. Na nikamwomba Mungu, bila haya, kosa lile lipite.

Vichwa vikageukiana. Waliona, bila shaka waliona, alikuwa amewafundisha vizuri mno. Nikaiona mikono ya Firdausi ikiinuka kuelekea kwenye vibonye, nikamtolea jicho. Kila mwalimu ana jicho hilo, na mtoto wa huku akiliona humeza maneno yake. Firdausi aliliona. Akarudisha mikono mapajani, akainamisha kichwa. Nikapumua.

Kisha akainua uso, akamtazama yule mwalimu wa ukutani aliyewaambia kila kipindi wasimnyamazie. Akachapa.

Maneno yakatokea makubwa juu ya ukuta, kwa Kiingereza chake cha shule, na afisa akawasomea wageni kwa sauti: mwalimu, samahani, tunafikiri hapo umekosea, njia zikiwa mbili kizuizi kinapungua.

Tharsisi akayasoma. Nikamwona akiyasoma. Angeweza kuishia hapo, akacheka, akasema nilikuwa nawapima. Hakufanya hivyo. Alisema kwamba hapana, yeye yuko sahihi, waendelee kunakili. Sauti yake ilikuwa nyembamba, maana hajazoea uongo, maskini. Na huko ndiko alikoharibu. Watoto hawakuvumilia. Wakatoka kwenye viti vyao, wakamzunguka Firdausi, huyu anataja namba, yule anarekebisha, na hesabu nzima ikapanda ukutani hatua kwa hatua, na chini kabisa jibu, na baada ya jibu maelezo. Hata wale waliokuwa hawajawahi kuandika swali walikuwa wamepiga magoti mbele ya meza wakinong'ona. Darasa langu la viatu na kimya lilikuwa linambishia mtu mzima, kwa adabu, kwa hoja, na lilikuwa limeshinda. Ningekuwa mtu mwingine yeyote ningejivunia. Na nilijivunia kweli, ndiyo shida.

Afisa elimu alikuwa amesimama. Alikuwa anapiga makofi.

Tharsisi aliitazama ile hesabu muda mrefu. Kisha akachukua kifutio, akafuta ubao wake wote, akaandika ukweli. Aliwaambia wanakili hesabu ya Firdausi, akawashukuru, akasema kipindi kimekwisha.

Afisa akawageukia wageni. Nilimsikia vizuri, nilikuwa hatua chache tu kutoka alipokuwa, ukuta katikati yetu. Alisema amekiona alichokuja kukitafuta. Alisema mwalimu mwenyewe, kwa kweli, si hodari kama alivyosifiwa, amejikwaa kwenye jambo jepesi, tena akabisha. Lakini tazameni watoto walipofika! Basi nguvu iko kwenye chombo hiki, wala si kwa mtu, na kitasambazwa. Mwalimu Reverien akatikisa kichwa kukubali, tai imempinda. Kisha afisa akaja dirishani kwangu, akanitabasamia kwa wema wote.

"Madam, yale maombi ya mwenzio tutayafunga. Unaona mwenyewe, haja haipo tena."

Nikamwambia ahsante. Sijui kwa nini. Ndivyo tulivyofundishwa kumjibu mkubwa.

Wakaenda ofisini kunywa soda. Nikaufunga ufito kwenye nondo ya dirisha kwa kipande cha mpira, nikazunguka, nikaingia darasani. Watoto walikuwa bado wameizunguka meza, wanapeana mikono, wana furaha yao. Tharsisi alikuwa bado yuko ukutani. Mtandao uliotusumbua muhula mzima haukukatika hata mara moja siku ile. Aliponiona kwenye kioo chake nikisimama mbele ya kamera, akavua miwani.

"Mama Esteri," akasema, na darasa zima likageuka kunitazama, kwa sababu hakuwahi kuniita hivyo mbele yao. "Nimejaribu. Hata kukosea sijui."

Nilifungua mdomo. Kisha nikakumbuka kwamba hanisikii. Muhula mzima hajawahi kusikia sauti yoyote kutoka chumba kile. Yeye angeweza kusema, mimi ilibidi niandike, na mimi kuchapa natafuta herufi moja moja kama kuku anayedonoa mtama. Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali ni nani anayatazama. Firdausi alikuwa bado kwenye kiti, mikono kwenye vibonye. Akaniuliza kwa sauti ndogo aandike nini.

"Mwandikie nimeona," nikamwambia. "Mwambie nimemwelewa. Na lile nililomwuliza mlimani, mwambie anisamehe."

Akachapa. Yakapanda ukutani, chini ya hesabu, maneno yangu kwa mume wangu, watoto wote wakiyasoma. Tharsisi akayasoma pia. Akafuta macho kwa mkono wenye chaki.

Firdausi akatazama ukuta. Akasoma maneno yangu, akapandisha macho hadi kwenye hesabu yake, akarudi tena chini. Alikuwa msichana mwepesi wa kuelewa, tulishajua hilo. Nikauona uso wake ukibadilika.

"Madam," akasema, "nifute ile niliyoandika?"

Nikamwambia aiache. Ilikuwa sahihi.